Siku Arobaini na Moja Bila Neno la Chumvi

Mume wangu alikuwa mpishi, na nikisema mpishi msidhani nasema mtu wa kuchemsha kunde. Nasema mpishi wa harusi za watu elfu mbili. Kuanzia hapa Palakkad, kusini mwa India, mpaka Trivandrum, baba yeyote mwenye akili aliyekuwa na binti wa kuozesha alipanga tarehe na watu wawili, mnajimu na mume wangu, na tarehe zikigongana aliyesogea ni mnajimu. Nayasema haya kwa kujivuna, ndiyo. Atakayenuna na anune.

Jina lake silitaji. Kwetu mke hamtaji mume kwa jina, eti linampunguzia siku za kuishi, na mimi kwa miaka arobaini na moja sikuwahi kulitamka hata nikiwa peke yangu kisimani. Nilimwita Baba Visalam, kwa jina la binti yetu, naye akaniita Mama Visalam, tukaelewana. Siku karani wa sensa alipokuja kuuliza jina la mwenye nyumba, ilibidi nimwite jirani yangu Kunjammal aje anisemee. Alilisema mara tatu kwa sauti ya kuuza samaki, makusudi, maana Kunjammal ni mchokozi tangu alipozaliwa.

Sasa sikilizeni jambo moja muhimu. Wapishi wetu hawaonji. Chakula ni cha Mungu kwanza, na ukishakigusa kwa ulimi kimekuwa makombo, na makombo yako humpelekei Mungu. Kwa hiyo chumvi inapimwa kwa mkono na kwa pua. Baba Visalam alikuwa anaweza kusimama pale mlangoni, hajavua hata viatu, akavuta mvuke unaotoka jikoni akasema, "Leo umezidisha punje kumi." Punje kumi! Na ukija kula, kweli zimezidi.

Kipaji hicho mgeni anakishangilia. Mke anakibeba mgongoni. "Mama Visalam, tui limeingia mapema." "Mama Visalam, ukwaju huu umechoka." "Mama Visalam, hizi dengu zimepikwa na mtu mwenye hasira."

"Ndiyo, zimepikwa na mtu mwenye hasira," nilimjibu. "Kula!"

Alikula. Lakini katika miaka arobaini na moja siukumbuki mlo hata mmoja uliopita bila neno. Na neno "kitamu" sikulisikia. Nililisubiri nikiwa bi harusi, nikalisubiri nikiwa na mimba, nikalisubiri mpaka nywele zikaingia mvi, halafu nikajifanya silisubiri tena. Huo ulikuwa uongo.

Basi, Visalam alipokwisha kuolewa na kuzaa, Baba Visalam alirudi siku moja kutoka kwenye karamu kubwa, akakaa barazani. Kisha akasema, "Mama Visalam, nataka kuacha dunia."

"Uiache uende wapi? Kabla hujaiacha nipasulie kuni."

Alizipasua. Nikadhani yameisha. Kumbe Jumatatu iliyofuata aliondoka bila kuniaga, akaenda kwa Swami, mtawa anayekaa na wafuasi wake kando ya mto Nila, mzee mmoja mwembamba asiyecheka ovyo. Alitaka kuvishwa nguo ya rangi ya zafarani awe mtu asiye na nyumba, asiye na mke, asiye na lake. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Sikumfuata. Nilikaa nikasubiri, maana namjua.

Jumatano wafuasi wa Swami walimpa mchuzi wao wa dengu. Alhamisi Baba Visalam akaingia jikoni kwao "kuwasaidia kidogo". Kufika Jumapili, watu sitini ambao hawajawahi kumfikiria Mungu walikuwa wamejipanga kando ya mto saa sita mchana, kila mmoja na jani lake la mgomba, wakisema wamekuja kusali. Swami akatoka kwenye tafakuri yake akaukuta mkutano. Akamwita.

"Anayevaa nguo hii anaacha moto," Swami akamwambia. "Hapiki, hawashi jiko, hata akifa hachomwi, anafukiwa. Mimi nilitaka mtu wa kuuacha moto, wewe umekuja kunikolezea jiko. Mkeo amekupa ruhusa?"

Akatazama chini.

"Rudi kwenu. Usije tena mpaka ruhusa itoke kinywani mwa mkeo. Na iwe maneno, nisisikie kwamba alilia ukalichukua hilo kuwa jibu."

Mambo haya nilihadithiwa na Baba Visalam mwenyewe, jioni aliporudi, amesimama uani kama mtu aliyepoteza ng'ombe wa watu. Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Kunjammal akaja mbio kuuliza kuna nini, akahadithiwa, naye akacheka mpaka akakaa chini. Mwenyewe hakucheka. Alingoja tumalize, akasema taratibu, "Mama Visalam, nakuomba ruhusa. Safari hii nakuomba kweli."

Kicheko kikanikauka. Nilimtazama usoni nikaona hatanii.

Visalam alipopata habari akaja na basi la kwanza, analia tangu kituoni. "Mama, usimruhusu! Wakwe zangu watasema tumemfukuza. Watu watasema nyumba yetu haina maelewano."

"Watu waseme mpaka mate yawakauke," nikamwambia. "Hili ni la baba yako na mimi."

Nilifikiri siku mbili. Niwaambieni ukweli kwa kuwa ni mzee na sina wa kumficha: sikutaka aende. Na nilikuwa na hasira. Mtu amekula mkononi mwangu miaka arobaini na moja akinikosoa kila tonge, sasa aondoke zake akamtafute Mungu bila kusema hata mara moja kwamba nimepika? Thubutu! Siku ya tatu nikamwita barazani, na Kunjammal nikamwita awe shahidi.

"Ruhusa nitatoa," nikasema, "lakini kwa sharti. Hao unaotaka kuwa kama wao wanakula kwa kuombaomba. Kiganja kutoka nyumba hii, kiganja kutoka ile, vyote vinachanganywa kwenye chombo kimoja, na mtu anakula bila kuchagua. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi kuanzia kesho utakula hivyo. Nyumba saba za mtaa huu, ya kwanza ya Kunjammal, ya mwisho hii. Siku arobaini na moja, kama tunavyofunga huku kwetu. Jikoni hukanyagi. Ukikamilisha bila kusema neno moja juu ya chakula, kizuri au kibaya, chumvi au tui, nitakufungulia mlango mwenyewe. Neno moja likikutoka, unabaki hapa mpaka mmoja wetu afe, na nguo ya zafarani sitaki kuisikia tena."

Kunjammal akapiga makofi. "Jamani! Atashindwa mlangoni kwangu!"

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kunjammal ni mtu wa moyo mkubwa, lakini wali wake unaweza kuzibia ufa wa ukuta. Mume wake marehemu, mtu mpole, alikuwa akisingizia tumbo mara tatu kwa wiki.

"Nakubali," Baba Visalam akasema.

Akapewa kifuu cha nazi kilichosuguliwa. Kesho yake saa sita akasimama mlangoni kwa Kunjammal, na mtaa mzima, nyumba arobaini, ukatoka barazani kutazama. Kunjammal akamwaga humo dengu zilizoungua chini. Nyumba ya pili wakatia maziwa ya mgando yaliyochacha. Ya tatu mchuzi wa ukwaju mwembamba kama maji ya kuoshea mchele. Akapita zote, akaja kwangu. Nikatia kiganja cha wali na maharage machanga. Akakaa barazani, akachanganya kwa vidole, akala.

Mishipa ya shingo ilimsimama. Jasho lilimtoka. Alimaliza, akaosha kifuu, hakusema kitu. Nikaingia ndani nikajisemea, moja hiyo, bado arobaini.

Siku ya tano niliona midomo inacheza. Siku ya tisa nusura. Kunjammal alikuwa ametia mvuje kama anapaka dari chokaa. Harufu ilifika hekaluni, huko mwisho wa mtaa, kabla ya yeye kufika kwangu. Baba Visalam akatia tonge mdomoni, macho yakamtoka, akafungua kinywa. "Hiki..." akasema. Watu wakasogea karibu. Mimi nikashika nguzo. "Hiki... kiti cha barazani kimelegea mguu. Nitakigongea misumari."

"Aka! Amekwepa!" Kunjammal akalia. "Huyo ni nyoka, si mpishi!"

Nilicheka, lakini niliingia ndani nikiwa na hasira. Nilikuwa nimekwisha kujiona nimeshinda.

Ndipo na mimi nikaanza ubaya. Ndiyo, nilifanya. Siku ya kumi na mbili nikaacha chumvi kabisa. Ya kumi na tatu nikatia mara mbili. Ya kumi na tano nikaunguza makusudi mboga ya ndizi mbichi, mimi, Thailambal, mkono huu ambao haujawahi kuunguza kitu tangu nilipovunja ungo. Nilimpelekea nikiwa nimejikaza uso. Akapokea, akachanganya, akala. Akaniinamia kichwa kama anavyowainamia wengine, akaenda kukaa chini ya kivuli cha ukuta wa hekalu.

Jambo lingine likaanza. Wanawake wa mtaa wakaona haya. Nyumba ya nne wakaanza kupika vizuri zaidi, ya sita wakatia samli. Kunjammal mwenyewe akaja kuniuliza, eti dengu anazitoa motoni lini. Nikawafokea wote, "Mpeni mnachokula! Hii si karamu!" Lakini kichwa kilianza kunivimba kidogo. Mtu wetu alikuwa anapita mtaani na kifuu, miguu mitupu, mtu ambaye matajiri walimtumia gari, na hakukunja uso. Watu wa mitaa ya jirani wakaja kumwona. Nilijikuta nimesimama barazani, mikono kiunoni, nikiwaambia, "Ndiye huyo. Wa kwangu."

Siku ya ishirini na saba alikuja Subbu. Huyu alikuwa msaidizi wake mkuu, mwanamume wa miaka hamsini mwenye tumbo lake, na sasa ndiye aliyekuwa akiongoza wapishi. Alikuwa na wasiwasi mkubwa. Kulikuwa na harusi Thrissur mwezi unaofuata, watu elfu moja na mia tano, na baba wa bi harusi alikuwa anataka uji wa maziwa ule ule, ule unaochemka mpaka unageuka rangi ya waridi.

"Mwalimu," Subbu akasema, amepiga magoti, "kosa letu liko wapi? Unatoka mweupe. Sukari tunaitia lini?"

Nikajua hapa sasa. Mpishi akiulizwa kuhusu uji wake wa maziwa hanyamazi. Hata maiti ya mpishi ingejibu. Nikasogea karibu na dirisha nisikie.

Baba Visalam akaweka kifuu chini. Akasema, "Muulize Mama Visalam."

Subbu akacheka. "Mama wa nyumbani? Mwalimu, nauliza uji wa watu elfu moja na mia tano."

"Muulize."

Nikajibu kutoka dirishani kabla sijajijua. "Sukari mnaitia mwanzo, pamoja na maziwa, na moto mnaupunguza mpaka mtu aweze kukaa karibu bila kutoa jasho. Nyinyi mnatia mwisho kwa haraka zenu. Na ule mwiko wenu mpya wa chuma utupeni, chukueni wa mti."

Subbu akageuka kutazama dirisha. Na mimi nilishangaa. Sijawahi kupika uji wa watu elfu moja na mia tano. Nilikuwa nimeyajua hayo wapi? Nilikwenda jikoni nikakaa juu ya kigoda, nikaanza kukumbuka. Tui limeingia mapema. Ukwaju umechoka. Moto mkubwa. Punje kumi. Kila siku mara mbili, miaka arobaini na moja.

Jioni ile nilitoka nikamkuta barazani anatazama tu barabara. Nikakaa ngazi ya chini.

"Baba Visalam, nikuulize kitu, si cha chakula. Ndani huko kumenyamaza? Husikii ladha tena?"

"Nasikia," akasema. "Ulimi unapiga kelele vilevile. Pua ndiyo mbaya zaidi, haijui kulala."

"Sasa?"

Alifikiri. Hakuwa mtu wa maneno mengi, nje ya chumvi. "Mwanzoni nilikuwa nashindana nao. Nauma meno. Kila tonge ni vita. Halafu kama siku ya kumi na nne, kumi na tano..."

Nikatazama pembeni. Siku ya ile ndizi.

"...nikasema, ngoja nimtazame huyu anayekasirika. Ni nani? Uchungu umekuja, nimeuona. Hasira imekuja, nimeiona. Zikapita, na mimi bado nipo palepale. Nikamtafuta yule mpishi mkubwa aliyetukanwa na ndizi iliyoungua. Simpati, Mama Visalam. Kuna anayeona tu. Huyo hana njaa. Hana hata jina. Nadhani alikuwepo siku zote, mimi ndiye nilikuwa nampigia kelele."

Niwaambieni nilichohisi? Nilihisi wivu. Mtu amekwenda mahali ambapo siwezi kumletea maji. Nikainuka nikajipangusa nguo, nikaingia ndani kulia, na nililia vizuri.

Siku arobaini zikafika. Ikabaki moja.

Siku ile niliamka na nia yangu. Sikumwambia mtu. Nilikwenda kisimani, nikaoga, nikavaa nguo safi iliyolowa ikaukie mwilini, kama afanyavyo apikiaye hekalu, nikawasha moto. Nikapika olan. Mgeni akiiona olan haimwambii kitu: mumunye, kunde, tui la nazi, majani ya mchuzi, na mafuta ya nazi mabichi mwishoni. Basi. Haina ukwaju, haina bizari, haina mahali pa kujificha. Baba Visalam alikuwa akiwapima wapishi kwa olan, na aliwahi kumrudisha kwao mtu aliyepika miaka ishirini kwa sababu ya olan moja. Yangu ilikuwa haijawahi kupita.

Sasa mtaniuliza nilikuwa nataka nini. Nilitaka aseme. Nilijua akisema "kitamu" ameshindwa, anabaki nyumbani kwa haki kabisa, na mimi nitakuwa nimepata vyote viwili, neno na mume. Hiyo ndiyo nia niliyopikia. Nilikata mumunye vipande sawa, vyembamba kama karatasi. Tui la pili likaingia kwanza, likatulia. La kwanza nikaliacha mpaka chungu kimeshuka motoni. Chumvi nikaitia kwa mkono, nikanusa, nikaacha. Sikuonja.

Saa sita akaanza kupita. Mtaa wote ulikuwa nje, na Visalam alikuwa amekuja tena, amesimama nyuma yangu anavuta pindo langu. Kunjammal alimtilia dengu zake, na kwa bidii zake zote za kujifunza zilikuwa zimeungua vilevile, maskini. Nyumba ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. Akafika kwangu akasimama. Nikaleta chungu, nikafunua.

Mvuke ukapanda. Nikaona tundu za pua yake zikifunguka. Pua ya mpishi haiombwi ruhusa. Macho yakajaa maji, nawaambieni niliyaona, na alinitazama, na nikajua amejua. Kila kitu amekijua: tui lilipoingia, moto ulivyokuwa, ilivyokatwa, na kwa nini. Sema, nikaomba moyoni. Sema basi, mara moja tu.

Akasogeza kifuu. Nikatia kiganja.

Akakaa barazani. Akatia vidole, akachanganya olan yangu na dengu za Kunjammal, na maziwa yaliyochacha, na vyote, akazungusha mpaka ikawa rangi moja ya udongo. Akala. Alikula kama alivyokula ndizi iliyoungua, tonge baada ya tonge, wala haraka wala polepole. Akaosha kifuu. Akainamisha kichwa, kwangu kama kwa wengine wote.

Visalam ndiye aliyeanza kulia.

Mimi nikaingia jikoni, nikafunga mlango. Nilikuwa nataka kuvunja chungu, na nilikiinua kabisa. Halafu nikasema, hapana, Mungu amekwisha kupewa, aliyeomba amekwisha kupewa, sasa ni zamu ya mpishi. Nikajipakulia juu ya jani, nikakaa chini, nikala.

Ilikuwa tamu.

Ilikuwa imekamilika, jamani. Haikuzidi punje wala haikupungua. Nilikaa pale na mkono umejaa tui, peke yangu, hakuna aliyeniambia, na nilijua. Nilijua kama ninavyojua kwamba huu ni mkono wangu. Na hapo hapo lile neno nililolisubiri miaka arobaini na moja likaniondoka, likaenda zake, hata sikuliona limepitia wapi. Nikamaliza jani lote. Nikaongeza.

Nikanawa, nikafungua mlango, nikatoka mpaka barazani. Nilisema kwa sauti, mtaa mzima usikie, na sauti haikunivunjika.

"Baba Visalam, umetimiza. Nenda. Mimi Thailambal nimekupa ruhusa kwa kinywa changu, na silii."

Akaniinamia. Safari hii mpaka chini, mpaka paji la uso likagusa ngazi, jambo ambalo mume kwetu hamfanyii mke. Wazee wa mtaa wakaguna. Waache wagune.

Siku tatu baadaye, alfajiri, akaenda mtoni. Mwanamke hakaribishwi, lakini ngazi za mto si za mtu, nikasimama juu. Akajifanyia mazishi yake mwenyewe: akafinyanga matonge ya wali wanayopewa marehemu, la baba yake, la babu yake, na moja lake mwenyewe, akayatia majini. Akanyolewa. Akaukata uzi mtakatifu wa begani, ule ambao wanaume wetu huuvaa tangu utotoni, akauacha uende na maji. Swami akamvisha zafarani na kumpa jina jipya, ambalo kwa kweli sikulisikia vizuri na sikujali. Yule niliyeolewa naye alikuwa amekwisha kufa kwa heshima zote.

Anayezaliwa hivyo anakwenda kuomba chakula cha kwanza. Alikuja kwangu. Akasimama chini ya ngazi, kichwa kinang'aa, akasema, "Mama, nipe chakula."

Mama. Kwa sheria yao kila mwanamke ni mama. Nikatia wali na kiganja cha olan. Akashukuru, akageuka, akashika barabara ya kaskazini. Nilimtazama mpaka kwenye kona ya hekalu. Hakugeuka. Kunjammal aliyekuwa pembeni yangu akanong'ona, "Hata kugeuka!"

"Angegeuka," nikasema, "ningemrudisha kwa mwiko." Nilijivuna siku ile kuliko siku ya harusi yangu.

Kuhusu pete za vidole vya miguu na alama nyekundu ya paji la uso, vitu vya mke mwenye mume, kama nivue au nisivue, mtaa ulibishana wiki mbili. Sikumuuliza mtu. Zipo hapa, mnaziona.

Wiki tatu baadaye Subbu alirudi, na safari hii hakucheka. Baba wa bi harusi wa Thrissur amekataa, mwalimu asipokuja karamu hakuna. "Mama," akasema akiinamisha kichwa, "njoo wewe."

"Wanaume wako watakubali mwanamke kwenye majiko?"

"Watakubali wakinusa."

Nikaenda. Kunjammal akang'ang'ania kuja, nikamruhusu akate mumunye na asiguse moto. Wapishi ishirini, wanaume vifua wazi, walininunia asubuhi nzima. Nikapita kwenye majiko na pua yangu. "Hiki moto mkubwa. Huu ukwaju umechoka. Nani ametia tui mapema hivi?" Kufika saa nne walikuwa wanakimbia nikikohoa. Uji ukageuka waridi. Watu elfu moja na mia tano wakakaa chini mistari kwa mistari, wakala, na walipofika kwenye olan wakaomba kuongezewa.

Baba wa bi harusi akaja jikoni mwenyewe, mtu mkubwa, mnyoofu. Akaangalia huku na huku kumtafuta mwanamume wa kumshukuru, mwisho akanitazama mimi. "Mama, hii olan naijua. Nimeila mara moja tu, miaka kumi iliyopita. Nani amekufundisha?"

Wapishi wote wakageuka. Kunjammal akafuta mikono, tayari kuja kunisemea kama siku ya karani.

"Kaa hapo," nikamwambia. Nikasimama wima, mwiko mkononi.

"Pichumani," nikasema. "Nimefundishwa na Pichumani wa Palakkad."

Kunjammal akaangusha sinia la mumunye. "Thailam! Umemtaja mume! Unampunguzia siku!"

"Siku zipi?" nikamuuliza. "Jina hilo lilikwisha kuzikwa mtoni, halina siku za kupungua. Na mume sina, Kunjammal. Niliyemtaja ni mwalimu wangu." Kisha nikalisema tena, kwa nguvu zaidi, mpaka wale wa mwisho ukumbini wakasikia.